Zile za Mbele ni za Bibi

Joramu ameweka utaratibu kwamba kila anayeondoka ofisini aache maandishi kwa watakaobaki. Waliotangulia waliandika mambo ya maana, namna ya kuzima mitambo umeme ukianza kuchezacheza, na mahali zinapokaa nywila. Mimi sina nywila. Nilisoma hadi darasa la nne nikaacha, na kalamu nikiishika naishika kama mwiko. Neema ndiye atakayeichapa hii. Nimemwambia akikuta nimekosea arekebishe, ila aniambie. Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuandika, na huko mbele mtaona kwa nini.

Mshahara na vyeo sitavigusa. Cheo changu kilibadilika mara moja tu, kutoka mama wa chai kwenda kitu ambacho Joramu alikitaja kwa Kiingereza, na sikuweza kukitamka nilipoulizwa kwenye kwaya. Niliwaambia wenzangu kwamba siku hizi kazi yangu ni kuangalia simu. Mama Yohana, ambaye hapitwi na jambo, akauliza, "Unaziangalia zikifanya nini?" Nikajibu kwamba zinajibonyeza zenyewe. Walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akagonga kiti. Nilirudi nyumbani nimejifunika khanga hadi kichwani, nikaapa kwamba sitaielezea tena kazi yangu kwa mtu. Leo naielezea.

Wakati ule ofisi ilikuwa vyumba viwili kwenye safu ya maduka hapa Kiomboi, katikati ya Halima fundi cherehani na duka la mbegu za alizeti. Chumba cha mbele walikaa vijana, cha nyuma kilikuwa stoo. Joramu ndiye mwenye ofisi. Mama yake, marehemu Naomi, tulilima naye kwa kusaidiana, leo kwangu kesho kwake, kwa hiyo Joramu nilimjua tangu anabebwa mgongoni. Iddi alikuwa mtu wa mitambo, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Manyoni, mwenye maneno mengi na viatu visivyofungwa kamba. Neema alikuja baadaye kidogo kutoka chuo, binti mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye alipokuwa akisalimia alipiga goti hadi chini kabisa, hata kama sakafu nimetoka kuipiga deki na ina maji.

Walikuwa wanatengeneza programu ya manesi wa zahanati za vijijini. Nesi anafungua simu, anaandika jina la mama, uzito wa mtoto, chanjo aliyopata, anampiga mtoto picha, anahifadhi, anamwita mwingine. Simu zenyewe zilikuwa zile za bei rahisi, kwa sababu ndizo zahanati zinaweza kuzipata. Simu ya bei rahisi ina memori ndogo. Memori, kwa wale watakaosoma hii na kazi zao ni nyingine, ni ile nafasi ambayo simu inashikilia mambo inayoyafanya saa hiyo. Ikijaa, simu inaganda, na nesi anabaki anaibonyeza huku akina mama wamepanga foleni na watoto wanalia.

Basi kabla ya kuipeleka programu zahanati, ilibidi ijaribiwe siku nzima bila kupumzika, na hakuna mtu mwenye vidole vya kubonyeza siku nzima. Iddi akaiandikia kompyuta maagizo, na kompyuta ikawa inaziamuru simu. Zilipangwa mezani kwenye kibao, kila moja na waya wake, na ukizitazama unaona jina linajiandika, uzito unajiandika, picha inajiweka, inahifadhi, inaanza upya. Majina yalikuwa ya uongo. Asha Jaribio, Maria Jaribio, Tatu Jaribio, Ester Jaribio. Nayakumbuka yote kwa mpangilio wake. Asha Jaribio peke yake amezaa watoto wengi kuliko wanawake wote wa Iramba, na hakuna aliyempelekea hata uji.

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi hiyo nilikuwa nimeleta chai. Joramu akaniambia, mama, hebu kaa hapa. Pembeni mwa kila kioo palikuwa na tarakimu ndogo ya kijani, inayoonyesha memori iliyotumika. Kompyuta ilitakiwa iziandike yenyewe tarakimu hizo, lakini siku zile Iddi alikuwa bado hajaifundisha vizuri, ikawa inaandika nusu inaacha nusu. Walihitaji mtu wa kukaa, kusoma tarakimu na kuziandika. Herufi zinanisumbua, tarakimu hazijawahi kunisumbua. Wakanipa ubao mweusi uliotupwa na shule ya msingi ya jirani, na boksi la chaki. Nikawa naandika kila kengele ya shule ikilia, maana sikuwa na saa na kengele ile nilikuwa naisikia hata nikiwa jikoni, uani. Shule zikifungwa, Iddi alitega jogoo kwenye simu yake. Jogoo yule alikuwa na sauti mbaya.

Simu zilikuwa na namba zilizobandikwa mgongoni. Mimi nikazipa majina ya wasichana niliokaa nao dawati moja. Sarafina, Yunisi, Rebeka, Damari. Sarafina ilikuwa imepasuka mgongo, kama mwenyewe alivyokuwa na kovu. Jioni Neema alipiga picha ubao wangu, kisha nikaufuta kwa ajili ya kesho.

Sasa niwaambie habari ya baba yangu, maana bila yeye hamtanielewa. Baba alilima kwa maksai, na mimi mtoto wa kike ndiye niliyewaongoza mbele, kwa kuwa kaka zangu walikuwa machungani. Baba hakunifundisha mambo mengi. Alinifundisha kuangalia mnyama. Tukifika mwisho wa mfuo alikuwa anaweka kiganja kwenye shingo ya maksai, na akiona joto limezidi na pumzi imekuwa fupi, anawafungua nira hapo hapo, hata kama mvua iko mlimani inakuja. Mtu aliyeendesha maksai mpaka akaanguka alizungumzwa vibaya kijiji kizima. Mimi nimekua hivyo. Kitu kikifanya kazi mbele yangu na kikapata moto, mkono wangu unakwenda wenyewe.

Na simu zile zilipata moto. Ilipofika mchana tarakimu ya kijani ilikuwa imepanda sana, ukiigusa Sarafina mgongoni unadhani imetoka kwenye jiko. Nilikuwa nimemwona Joramu, simu yake mwenyewe ikiganda, anavyofanya. Anabonyeza hapa chini, anaisukuma programu juu kwa kidole, inaondoka, anasubiri, anaifungua upya. Nikawa nafanya hivyo. Naipumzisha moja, naipepea kidogo kwa kipande cha boksi, naifungua, kompyuta inaendelea nayo. Halafu kengele inalia, nasoma tarakimu, ndogo kabisa, nzuri, naiandika ubaoni. Sikuficha. Nilifanya mbele ya kila mtu, na nilijiona mtu wa kazi.

Neema alikuwa na wiki chache tu ofisini alipoliona hilo. Alikuja hadi mezani kwangu, akapiga goti, akasema kwa ile sauti yake, "Bibi, samahani, naona kama hizi simu hazitakiwi kuguswa."

Nilimtazama. Halima fundi alikuwa mlangoni amekuja kuomba maji, na Iddi alikuwa ameinua kichwa. Ningesema neno dogo yangeisha. Nikasema, "Mjukuu wangu, mimi nimeanza kutunza vitu vya watu kabla mama yako hajaota meno. Wewe umekuja juzi na begi lako, na leo unanifundisha kugusa?"

Akaanza kuomba radhi. Mimi nikaendelea. Nilimuuliza kwao ni wapi, na kama kwao watoto wanaongea hivyo na wakubwa. Alilia pale pale amepiga goti, na Halima akasema, basi mama, mtoto ameelewa. Kweli alielewa. Vijana wote watatu walielewa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeniambia neno juu ya kazi yangu, na mimi nikachukulia kwamba ni kwa sababu kazi yangu ni nzuri.

Programu ikapelekwa kwenye zahanati moja ya upande wa Iguguno. Tarakimu za ubaoni kwangu zilisema simu zinaweza siku nzima, na hizo ndizo zilizotazamwa. Siku ya kliniki ya kwanza programu iliganda kabla ya saa sita. Akina mama walikuwa wametembea kutoka mbali na watoto mgongoni. Nesi aliizima simu, akaiwasha, ikaganda tena, akairudisha kwenye boksi na kuchukua kalamu. Wengine walirudi nyumbani bila kupimiwa watoto. Joramu alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na aliporudi suruali yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi na hakunywa chai.

Mnajua mimi nilisema nini? Nilisema yule nesi hajui kuipumzisha simu. Nilisema mtu akipewa chombo ajifunze kukiangalia. Nililisema hilo nikiwa nakusanya vikombe, kwa sauti. Iddi aliinama kufunga kamba za viatu, yeye ambaye hafungi.

Baada ya hapo mambo yakabadilika kidogo kidogo, na mimi sikuona. Stoo ikawekwa kufuli. Iddi akasema ni kwa ajili ya vumbi, na kwa kweli upepo wa huku kwetu ukianza unaingia hadi kwenye sufuria lenye mfuniko, nikaamini. Nilisikia feni inaunguruma humo ndani mchana kutwa. Mimi niliendelea na meza yangu ya mbele, kengele ikilia naandika, jioni Neema anapiga picha ubao, ananiaga kwa goti. Mambo yalikwenda hivyo kuanzia kupanda alizeti mpaka kuvuna, na tena.

Siku moja akaja mgeni kutoka Dodoma, mtu mzima mwenye miwani, wa upande wa wale waliotaka kuichukua programu kwa ajili ya zahanati nyingi zaidi. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Krismasi, kwa kuwa nilijua ataonyeshwa meza yangu. Nilikuwa nimeyarudia kichwani majina ya simu ili nisikosee. Nikaenda kuchota chai jikoni, niliporudi na sinia sikuwakuta. Walikuwa stoo, kufuli limefunguliwa. Nikawafuata na chai.

Humo ndani palikuwa na meza kama yangu, na kibao kama changu, na simu zilezile kwa aina yake, zinajibonyeza. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta kinachora mstari unaopanda taratibu kama mtu anayepanda mlima. Mgeni alikuwa ananipa mgongo. Akauliza, "Na zile za pale mbele?"

Joramu akasema, "Zile za mbele ni za bibi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama unavyosema zile njugu ni za mtoto, msiziguse. Mgeni akasema aaa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana. Nilisimama na sinia. Neema ndiye aliyegeuka akaniona.

Nikawamiminia chai. Nikarudi mbele, kengele ikalia, nikachukua chaki, halafu nikairudisha. Nilifikiria siku zote zile nilizoacha mahindi hayajapaliliwa nikiwahi kengele ya kwanza. Nilikuwa nimempangia mjukuu wangu wa mwisho kazi zake na kumwambia bibi hawezi kukosa kazini, watu wanategemea. Nikavua aproni, nikamwambia Halima awaambie kwamba mguu unaniuma, nikaondoka.

Mguu haukuniuma. Nilikaa nyumbani, nikafagia uwanja mpaka ukatoa mwamba. Kwaya sikwenda. Mama Yohana alituma mtu kuuliza, nikamwambia amjibu ni mguu. Aibu niliyokuwa nayo si ya kukosea. Kukosea nimekosea mara nyingi, nimewahi kuchinja kuku wa jirani nikidhani ni wangu, tukaongea tukala wote. Hii ilikuwa ya mtu ambaye watu wamekaa kikao juu yake wakaamua asiambiwe. Wamemwekea vitu vya kuchezea. Na aliyewafundisha kuniogopa hivyo ni mimi mwenyewe.

Neema akaja kunijulia hali, na sukari kwenye mfuko, kama mtu anavyomtembelea mgonjwa. Alisalimia, akakaa kwenye mkeka, akauliza mguu. Nikamwonyesha mguu. Nikasema, mguu huu mzima, sasa niambie za mbele ni za bibi kwa nini. Akatazama chini. Nikamwambia kwamba mlango nimeufunga kwa komeo na chakula ninacho cha kututosha, kwa hiyo ataongea leo au kesho.

Akaniambia. Aliongea akitazama mkeka. Alisema walichokuwa wanatafuta ni kuona programu inakula memori kiasi gani ikiachwa peke yake, bila mtu kuisaidia, kwa sababu kule zahanati nesi ana foleni na hana nafasi ya kuipumzisha. Kila mama aliyeandikwa alitakiwa akishahifadhiwa aondoke kwenye memori, ampishe mwingine. Lakini programu ilikuwa na kasoro, walikuwa hawaondoki wote. Wanabaki wamekaa humo kama wageni wasioaga, nyumba inajaa. Ukiiacha, tarakimu inapanda mpaka simu inaganda, na huko kuganda ndiko kunakokuonyesha kwamba kuna kasoro.

"Wewe bibi ulikuwa unazipumzisha," akasema. "Ukizipumzisha wageni wote wanatoka. Ndiyo maana kwako ilikuwa nzuri kila siku."

Nikauliza, na zahanati ya Iguguno? Akaanza kuchokonoa ukindu wa mkeka. Nilikuwa nimeshawaona wale akina mama wanarudi na watoto mgongoni. Niliandika nilichokiona ubaoni, hilo ni kweli, lakini nilichokiona nilikuwa nimekitengeneza mimi. Na nikamsema nesi.

Nikamwuliza swali moja tu tena. Zile picha za ubao ulizopiga jioni zote baada ya hapo, ulizipeleka wapi?

"Nilikuwa nazifuta, bibi. Simu yangu nayo ilikuwa inajaa."

Nilicheka. Sikutegemea, lakini nilicheka mpaka nikafuta macho kwa ncha ya khanga, naye akacheka kwa woga, mkono mdomoni. Halafu nikamwomba radhi kwa siku ile aliyolia mbele ya Halima. Alishtuka kuliko alivyoshtuka siku ile yenyewe. Alisema bibi usiseme hivyo, akataka kusimama aondoke. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto, huku kwetu, ni kama kumkabidhi mzigo asiojua pa kuutua. Nikaliona hilo nikaacha, nikamkaangia karanga.

Kesho yake nikarudi ofisini. Nikawakusanya wote watatu, nikawaambia nataka kukaa stoo kwenye simu za kweli, na kuanzia leo nikikosea niambiwe. Joramu akasema sawa mama, haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite. Nikamwambia si sawa. Mama yako Naomi angekuchapa kwa hiyo sawa yako. Iddi akajikuna kichwa.

"Bibi, tatizo ni kuanza," akasema. "Tunaanzaje?"

"Anza na shikamoo. Nikikujibu marahaba, endelea."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtaikuta mpaka leo hapo ofisini, na wageni huwa hawaelewi. Asubuhi tulisalimiana kama watu wote. Lakini mtu akija katikati ya kazi, tumeshasalimiana, tumeshakunywa chai, akasimama na kusema shikamoo bibi, nilijua kuna mahali nimeharibu. Nikisema marahaba ndiyo nimekubali kusikia. Simu za stoo nilikuwa nimezipa majina yale yale ya za mbele, na wiki za mwanzo nilisalimiwa kutwa nzima. Halima aliniambia vijana wenu wamekuwa na adabu ya ajabu, wangu hata asubuhi hanisalimii. Sikumweleza. Shikamoo bibi, umesoma nane ukaandika tatu. Shikamoo bibi, feni umeielekeza kwa Rebeka peke yake. Kila mara uso wangu uliwaka. Sitawadanganya kwamba unazoea. Huzoei, unajibu tu.

Sasa kazi ya kweli ilikuwa kutogusa, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimelima. Iddi alinipa kiti mbali kidogo na meza. Nikawa najifunga mikono ndani ya kitenge, naifungua kengele ikilia ili nishike chaki. Kompyuta yake sasa ilikuwa inaandika yenyewe, sitajifanya kwamba bila mimi wangekwama. Nilikuwa wa pili. Niliandika tarakimu, na pembeni nikaandika vile ambavyo kompyuta haivioni, kama jua limefika mezani, umeme umepungua, au simu imepigiwa na mtu aliyekosea namba. Jioni Iddi alisoma zake, mimi nasoma zangu, na pale tulipotofautiana alinisalimia.

Siku ya Sarafina siisahau. Walikuwa wamebadilisha kitu kwenye programu, wakaanza upya asubuhi. Damari na wenzake walipanda taratibu. Sarafina ikapanda kwa kasi. Kufikia saa ya watoto kutoka mapumziko ilikuwa imepita pale ambapo zamani ningekuwa nimeshaipumzisha mara kadhaa. Asha Jaribio alikuwa anaandikwa herufi moja moja, kama mimi ninavyoandika hii. Nilisikia harufu ya joto. Nilimwita Iddi, akaja, akatazama, akasema tuiache. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kitenge inafanya kazi yenyewe, kidole kinasukuma juu, kinasukuma juu, hewani. Nilimwona baba kabisa, kiganja kwenye shingo. Kengele ikalia, nikaandika tarakimu. Kabla ya kengele iliyofuata kioo kikawa cheupe, halafu programu ikajifunga, jina la Maria likiwa nusu. Nikaandika tarakimu ya mwisho niliyoiona, na chini yake nikapiga mstari.

Machozi yalinitoka. Kwa ajili ya simu, mtu mwenye vitukuu. Iddi akajifanya anatafuta waya chini ya meza mpaka nilipomaliza.

Jioni tarakimu yangu ya mwisho na ya kompyuta zilikuwa moja. Neema akapiga picha ubao, na safari hii niliona anaituma. Iddi ndiye aliyeipata kasoro, si mimi. Ilikuwa kwenye picha za watoto, zilikuwa zinabaki humo baada ya kuhifadhiwa. Akairekebisha. Programu ikarudi zahanati, na siku ya kliniki Joramu alimpigia nesi saa tisa, akasema inakwenda. Nilitamani kuongea naye yule nesi, jina lake ni Anastazia, nimwambie nilichokisema wakati nakusanya vikombe. Joramu alininyooshea simu. Sikuweza. Nimestaafu sijaongea naye.

Juzi wakaniaga. Walialika watu, Mchungaji alikuwepo, Halima na kwaya yangu walikuwepo, Mama Yohana mstari wa mbele. Meza ya simu ikaletwa ukumbini na ubao wangu ukaegeshwa ukutani, ili watu waone bibi alikuwa anafanya nini. Zilijibonyeza na hakuna aliyecheka. Joramu akasimama akasema miaka yote bibi hakuwahi kukosea. Alisema kama wanavyosema watu kwenye kuagana. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Walioijua stoo tulikuwa wachache mle ndani, na mtu akikusifu kwa kile hasa kinachokuaibisha huna pa kuweka uso.

Wakaniomba niandike tarakimu za mwisho mbele ya watu. Nikachukua chaki. Miwani ilikuwa na ukungu, mikono sijui ilikuwa ya nani. Nikaandika zote nne, nikapiga mstari chini, watu wakapiga makofi, Mama Yohana akapiga vigelegele.

Makofi yalipopoa Neema akasimama kutoka nyuma. Hana tena sauti ndogo, siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wapya. Akaja hadi mbele, akapiga goti hadi chini.

"Shikamoo bibi."

Mchungaji akatabasamu na kutikisa kichwa, na nikasikia mtu wa kwaya akinong'ona kwamba huyo ndiye binti aliyelelewa. Iddi alikuwa anatazama viatu vyake. Joramu alikuwa ameshika kipaza sauti, kile kilichosema sijawahi kukosea, na hakukileta mdomoni. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikageuka ubaoni. Tarakimu ya Rebeka nilikuwa nimeiweka kwenye mstari wa Yunisi.

"Marahaba," nikasema, nikachukua kitambaa.